Wimbo Uliopigwa kwa Kushukiana

Hadithi ninayo, na ni nzito kuibeba peke yangu. Wenye masikio sogeeni. Wenye kuwashuku wenzao kaeni mbele kabisa, maana hii ni yenu, na nikifika mwisho nitawaachia mzigo mikononi niende zangu.

Palikuwa na bendi nje kidogo ya mji wa Muheza, ikiitwa Singa Bendi. Singa ni zile nyuzi nyeupe zinazobaki jani la mkonge likishachunwa, na bendi ilipata jina hilo kwa sababu ilipiga muziki ndani ya ghala la mkonge ambalo shamba lake lilikwisha kufa. Muziki wao ulikuwa bluzi yenye roki ndani yake. Kama hujui bluzi, ni mtu anayelalamika kwa adabu. Roki ni mtu huyohuyo, akishachoka kungoja jibu, anapopiga kiti teke. Singa Bendi waliyaweza yote mawili katika wimbo mmoja.

Watatu kati yao nataka muwajue vizuri.

Hiza alipiga gitaa la solo. Kipaji chake kilikuwa kuvuta waya. Aliuvuta waya mmoja mpaka mtu aliyekuja ghalani na furaha zake akamkumbuka marehemu bibi yake akatoka nje kufuta macho. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alijijua kwamba anajua, hilo ndilo lililowakera wenzake.

Mdoe alipiga drams. Kipaji chake kilikuwa kutopotea. Siku moja kule Pangani bati la paa lilianguka nyuma ya mgongo wake katikati ya wimbo, watu wakakimbia, na Mdoe akaendelea kupiga bila kuharakisha wala kuchelewa. Maneno alikuwa nayo machache, tena ya polepole, na watu wa namna hiyo huwezi kujua wanawaza nini.

Mwantumu aliimba. Sauti yake ilikuwa na mchanga ndani, na kipaji chake kilikuwa hiki: neno likishapita kinywani mwake, hata liwe la uongo, lilisikika la kweli. Alikuwa amefika miaka arobaini na saba, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa Singa Bendi. Alikuwa na kipaji cha pili ambacho hakuna aliyemwomba, nacho ni kushuku. Mwantumu akikaribishwa chai ya bure, kwanza huuliza nani amekufa.

Mwenye bendi alikuwa Mzee Shekalaghe. Yeye ndiye aliyeianzisha, ndiye aliyekaa kwenye mashine ya kurekodi, na ndiye mwenye gitaa jekundu ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kulifuta vumbi. Kanuni yake ya kurekodi ilikuwa moja tu: wimbo haukatwi vipande. Wote wanapiga pamoja, milango ya ghala iko wazi, mara moja tu. Mtu akikosea, mnatembea na kosa lake mpaka mwisho. Kwingine siku hizi mwimbaji anarekodi Jumatatu, mpiga gitaa anakuja Alhamisi, na hata hawasalimiani. Mzee aliuita wimbo wa namna hiyo kibudu, nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa.

Mwaka ule walikuwa wakitengeneza albamu ya nyimbo tisa. Nane zilikwisha kurekodiwa, zikabaki kungoja mwenzao. Lakini vidole vya Mzee vilikuwa vimeanza kukataa kazi, na asubuhi moja aliliweka lile gitaa jekundu juu ya meza, akawaita.

"Wanangu," alisema, "mimi baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, nakwenda Lushoto kwa binti yangu, na sirudi. Wimbo wa tisa bado. Atakayeufanya wimbo huo uwe wimbo, huyo atachukua gitaa hili, atachukua bendi na jina lake. Na yeye ndiye atakayeamua nani anabaki na nani anaondoka."

Hiza alilitazama gitaa. Mdoe alitazama vidole vyake mwenyewe. Mwantumu aliwatazama wao wawili, akawashuku.

Alikuwa na sababu. Hata mwezi ulikuwa haujapita tangu Hiza aseme mbele ya watu, wakinywa chai, kwamba bendi siku hizi inataka sura, na kwamba yeye angekuwa mkubwa angeihamishia Dar es Salaam na kutafuta mwimbaji kijana. Alisema hivyo huku anatabasamu na kumpitishia Mwantumu sahani ya maandazi. Mwantumu hakuyala maandazi yale. Mdoe naye alikwisha kusema kwamba angependa wapige kwenye harusi, watu wacheze, waache huzuni. Mwimbaji wa huzuni angefanya nini kwenye harusi? Mwanamke wa miaka arobaini na saba akitolewa kwenye bendi hapati nyingine. Anarudi nyumbani, na sauti inakaa ndani kama nguo ya sikukuu isiyo na sikukuu.

Kesho yake Mzee alimwita pembeni, karibu na tangi la maji.

"Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "ulicho nacho usikitoe mazoezini. Hiza ana masikio marefu. Ngoja siku ya kurekodi."

"Nilikwisha kumwona, Mzee," alisema Mwantumu. "Nashukuru umeniambia."

Jiko lilikuwa tayari linawaka. Mzee alileta kuni tu.

Basi wakaanza mazoezi, na hapa ndipo nataka muwatazame vizuri hawa watu wazima, maana kituko walichofanya ni wao tu wangeweza kukifanya. Mwantumu alikuwa na maneno aliyoyabeba miaka miwili, tangu mama yake alipofariki. Hakuyatoa. Badala yake aliimba kwamba mapenzi ni matamu kushinda asali, na kwamba bila wewe silali. Aliimba upuuzi huo wiki mbili bila haya. Hiza, fundi wa kuvuta waya, alipiga tuni laini ya kubembeleza watoto. Mdoe alipiga moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu-nne, mpaka hata mlinzi wa ghala akasinzia.

Mwantumu hakuwa mjinga. Alisikia kwamba Hiza anapiga chini ya kiwango chake, akajua anaficha. Alimwona Mdoe anafika mapema kuliko wote na kuingia kwenye jengo la jirani, ilipo korona. Msishtuke, si ule ugonjwa. Korona ni mashine ya kuchuna mkonge, na ile ilikuwa imesimama miaka mingi imejaa kutu. Siku moja alimfuata akachungulia. Mdoe alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyokufa, amefumba macho, anajipigapiga mapaja. Mwantumu alirudi kinyumenyume bila kukanyaga jani. Huyu naye ana lake, alijisemea, na usiku huo hakula.

Kilichomuudhi zaidi ni heshima iliyowajaa ghafla. Hiza alianza kumbebea maiki. Mdoe alimletea tangawizi ya koo. Tangu lini? Mwantumu alipokea tangawizi, akashukuru, akampa jirani.

Ijumaa ilifika. Saa tatu asubuhi milango yote miwili ya ghala ilifunguliwa, Mzee akakaa kwenye mashine yake ya kanda, taa nyekundu ikawaka, akainua kidole. Kwa jinsi walivyofanya mazoezi, Mdoe ndiye angeanza kwa mapigo manne.

Hiza alianza kabla yake. Alipiga noti nne tu, na ile ya nne aliivuta taratibu, ikachelewa kufika, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Kisha akazirudia. Hakuna aliyewahi kuzisikia noti zile pale ghalani. Mwizi huyu, Mwantumu aliwaza, wiki mbili anatulisha maganda. Anataka wimbo uanze na yeye ili uwe wake.

Mdoe hakukubali kuachwa. Aliitupa moja-mbili-tatu-nne yake, akaleta mwendo mwingine kabisa: mapigo mawili mazito ya mguu, kisha moja jepesi lililochechemea nyuma yao. Ulikuwa mwendo wa korona. Baba yake Mdoe alifanya kazi kwenye ile mashine miaka ishirini na mbili, na mtoto aliyelelewa karibu nayo hakuhitaji kufundishwa. Ghala lenyewe lilionekana kuukumbuka, maana mabati yalianza kutetemeka kwa kufuata.

Mwantumu alibaki peke yake na asali yake. Akaiacha. Alisogea karibu na maiki na kuyatoa yale aliyoyabeba miaka miwili:

*King'ora kimenyamaza, chungu bado chatokota,*
*nimetenga sahani mbili, mkono mmoja waokota.*

Mnajua zamani shamba lilikuwa na king'ora cha kuwatoa watu kazini. Kilipolia, mama yake Mwantumu aliteremsha chungu kwa sababu mumewe alikuwa njiani. Shamba lilipofungwa, mumewe aliondoka kutafuta kazi kwingine na hakuandika hata barua. King'ora hakikulia tena, lakini mama aliendelea kuteremsha chungu saa ileile na kutenga sahani mbili, mpaka mwaka aliokufa.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Hiza aliongeza sauti ya gitaa ili amfunike. Mwantumu hakupaza sauti, aliishusha, ikawabidi wote wapunguze ili wamsikie. Mdoe alikaza mguu kuwavuta waufuate mwendo wake. Kila mmoja alikuwa akiuvuta wimbo upande wake kama nguo mnadani, na nguo haikuchanika.

Baada ya ubeti wa pili waya wa gitaa ulikatika. Hiza alinyamaza ghafla. Mwantumu, ambaye hakuona waya, aliona tu kimya, akadhani amemwachia kusudi ili aaibike mbele ya Mzee. Kwa hasira, ubeti wa tatu ukamtoka kichwani wote. Alisimama pale mdomo wazi, kanda inazunguka. Katika ghala lile alibaki Mdoe peke yake na korona yake, mapigo mawili mazito na moja la kuchechemea. Hakuweka madoido. Hakuangalia mtu. Alilinda mlango tu mpaka wenyewe warudi.

Hiza alirudi na nyaya tano zilizobaki, noti zilezile nne, safari hii chini kabisa kwenye waya mnene. Mwantumu alizisikia, na ubeti wa tatu ukamrudia. Hakuuimba, aliusema tu, nusu kwa sauti, kama mtu anayezungumza na chungu. Mdoe akapiga pigo la mwisho, lile jepesi, likabaki hewani.

Mzee alizima mashine. Alirudisha kanda nyuma, akawasikilizisha. Wakausikiliza mara tatu. Waliposikia mara ya tatu kila mmoja alijua kwamba katika miaka yote ya Singa Bendi hakujapigwa kitu kama kile, na kila mmoja alikuwa na jambo la kusema.

"Mimi ndiye niliyeufungua," alisema Hiza. "Noti zile ni zangu."

"Ukafungua, halafu ukapotea," alisema Mdoe. "Nani alikaa?"

"Nyinyi mlikuwa mnagonga vyuma," alisema Mwantumu. "Wimbo una maneno, na maneno ni ya mama yangu."

Mzee aliinua mkono. "Desturi ya bendi hii mnaijua."

Waliijua, na waliichukia. Zamani sana maiki moja ilipotea, watu wakataka kushikana mashati, na Mzee akaweka sheria: anayeshuku ndiye atakayetetea. Unamtaja unayemshuku kuliko wote, kisha unasimama na kumsemea wewe mwenyewe, tena kwa haki, mpaka yeye akubali kwamba umemsemea vizuri. Akikataa, unarudia. Ile maiki ilipatikana hivyohivyo, lakini hiyo ni hadithi nyingine na wahusika wake bado wako hai.

"Mwantumu, unamshuku nani?"

"Hiza. Toka zamani."

"Hiza?"

"Mdoe. Mtu anayenyamaza hivyo ana jambo."

"Mdoe?"

Mdoe aliweka vijiti vyake chini. "Dada Mwantumu," alisema. "Samahani, Dada."

Mwantumu alishtuka. Mtu anayewashuku wengine hafikirii kwamba naye anashukiwa. Ndiyo maana ilimuuma.

Alisimama yeye kwanza. Alitafuta namna ya kumtetea Hiza kidogo tu, kwa mdomo, lakini desturi haikuruhusu, na tena kipaji chake kilimgeuka, maana alichokisema kilianza kuwa kweli. "Yale maneno ninayo miaka miwili," alisema. "Nimeyajaribu kwenye kila tuni niijuayo. Hayakukaa. Nikawa nadhani labda si wimbo, ni msiba tu, na msiba hauna haja ya gitaa. Leo huyu bwana alipopiga noti nne, nilikuwa namtukana moyoni, na bado maneno yaliinuka yenyewe yakaenda kukaa mahali pake. Nilipopotea, ni hizohizo zilizonirudisha. Asingefungua, ningeimba asali. Wimbo ni wake."

"Umenisemea vizuri, Dada," alisema Hiza, na hakutabasamu.

Hiza alisimama. "Waya ulipokatika nilitaka kuweka gitaa chini nitoke," alisema. "Nawaambia ukweli. Nilijua nimeshindwa, nikasema basi na uharibike, nisiharibikiwe peke yangu. Nikamtazama Mdoe. Hakunitazama. Anapiga tu, kama hajui kwamba hakuna mtu mwingine. Nikaona aibu. Bila yeye mngekuwa na dakika mbili za muziki na kimya kirefu, na Mzee hakati wala haungi vipande. Noti zangu zilikuwa nzuri, ndiyo. Lakini uzuri wake ungekuwa umelala chini. Wimbo ni wake."

"Vizuri," alisema Mdoe.

Mdoe hakusimama, alisemea palepale kwenye kiti chake cha drams. "Marehemu baba yangu alikuwa anarudi king'ora kikilia. Mimi nilikuwa naupenda ule mwendo wa mashine kwa sababu ya yeye, na sikujua kwa nini unaniuma. Nimekaa mbele ya ile korona wiki mbili, sikujua. Dada alipoimba sahani mbili ndipo nilipojua. Mimi na Hiza tulikuwa tunapiga kitu tusichokijua jina. Yeye ndiye aliyetuambia tunapiga nini. Wimbo ni wake." Akaongeza, "Na nilikosea kumshuku. Lakini Mzee ndiye aliyeniambia nijihadhari na Dada Mwantumu, nisitoe changu mbele yake."

Hiza alimgeukia Mdoe.

"Alikuambia nini?" aliuliza Hiza. "Mimi aliniambia nijihadhari na wewe."

"Wapi?" aliuliza Mwantumu.

"Kwenye tangi la maji."

Wote watatu walimgeukia Mzee Shekalaghe. Mzee hakukana. Alivua kofia yake, akaikunja magotini.

"Mlikuwa mmezoeana mno," alisema. "Mnapigiana muziki wa kuheshimiana. Nyimbo nane zile ni nzuri, na hakuna hata moja inayouma. Bluzi isiyouma ni uji. Nikaona nikiwaacha hivyo, bendi itakufa kwa upole. Basi nikawatia chumvi."

"Kwa hiyo wimbo ni wako," alisema Hiza taratibu. Hakusema kama sifa.

"Mimi simo. Nyinyi ndio mliopiga."

"Umetugombanisha wiki mbili, Baba," alisema Mwantumu. Aliona uchungu wa kweli, kwa sababu yule ndiye mtu mmoja ambaye hakuwahi kumshuku. "Nimetupa tangawizi ya Mdoe. Nimemwita mwenzangu mwizi moyoni. Halafu unatuambia chumvi."

"Wimbo umetoka au haukutoka?" aliuliza Mzee, na kweli ulikuwa umetoka.

Lakini kuamua hakuamua yeye. Hiza alikataa kwanza. Alisema hakimu aliyewasha moto hawezi kuulizwa nani ameungua zaidi. Mdoe alikubaliana naye. Mzee alisema sawa, lakini kesho asubuhi ana safari, na gitaa haligawanyiki mara tatu, na bendi isiyo na mkubwa haifiki mwezi.

Ndipo Hiza alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alilichukua gitaa jekundu mezani, akaenda kuliweka mbele ya Mwantumu.

"Aamue Dada," alisema. "Ananichukia, na bado amenisemea kuliko ambavyo ningejisemea mwenyewe. Atakayemtaja, mimi nitamfuata. Akijitaja yeye, vilevile."

"Na mimi," alisema Mdoe.

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Ikawa hivyo.

Mnadhani Mwantumu alifurahi? Hamjamjua bado. Alilitazama gitaa, akawatazama wale wawili, na kile kipaji chake cha pili kikaamka kikanyoosha miguu. Kwa nini wananipa mimi? Ni imani, au ni mtego? Mwamuzi akijitaja, watu watasema nini? Amepewa kisu akajikatia mnofu. Hiza anajua nitaona haya. Anajua nikiona haya nitalazimika kuwataja wao. Au sivyo, alijibishana mwenyewe, huenda mtu huyu ananiamini kweli, na mimi nimezeeka kwa kushuku mpaka siwezi kuitambua imani ikinijia na kunisalimia.

Akaamua kuuliza waziwazi. "Hiza, mdogo wangu, nikikupa wewe, utaniacha nibaki?"

Hiza alifikiri. "Sijui, Dada," alisema. "Ningeweza kukuahidi sasa hivi, lakini ungejua nakununua. Bado nataka twende Dar. Bado nadhani bendi inahitaji watu wapya. Lakini baada ya leo sijui tena ninadhani nini kuhusu wewe."

"Mdoe?"

"Wewe ungebaki," alisema Mdoe. "Ila tungepiga harusi. Huzuni kama ya leo mimi siwezi kila siku, Dada. Nilidhani nitaanguka."

"Na mimi je?" Mwantumu alijiuliza kwa sauti, na wote wakamsikiza. "Nikijitaja, hakuna atakayeondoka. Hiza atapiga, Mdoe atapiga, tutabaki hapahapa ghalani. Hilo naweza kuliahidi. Lakini sijui kupiga hata waya mmoja wa hili gitaa, na nimetoka kusema sasa hivi, mbele yenu, kwamba wimbo ni wa Hiza. Na nilisema kweli."

Nje ya milango jua lilikuwa limefika utosini. Mzee alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake, lilikuwa pale pembeni ya mashine ya kanda. Mwantumu aliweka kiganja juu ya gitaa jekundu ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuruhusiwa kulifuta vumbi. Kisha akataja jina moja.

Jina hilo ninalijua, na siwaambii. Aliyeufungua wimbo ni Hiza, na bila yeye maneno yangebaki kuwa msiba. Aliyeushika ulipotaka kuanguka ni Mdoe, na bila yeye pangekuwa na kimya. Aliyeupa wimbo jambo la kusema ni Mwantumu, na bila yeye ni vyuma vinagongana. Yupo na yule mzee aliyewachongea wote watatu, ambaye anasema hayumo, na mimi sina hakika kama namwamini. Kumbukeni pia kwamba anayeamua ana nafasi yake ya kupoteza, na kwamba waliompa uamuzi walijua hivyo.

Haya, tajeni na nyinyi. Msinong'onezane, na kila mtu aseme lake kwa sauti, maana jina utakalolitaja litaniambia hapa kikaoni unamshuku nani. Wewe uliyekaa mbele kabisa, anza: ungekuwa Mwantumu, mkono uko juu ya gitaa, wote wanakutazama, je, ungemtaja nani?